Akina Mwinchande Kumi na Sita

Nchi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa na jina zuri tu, ila jina lilipelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho madogo na mpaka leo halijarudi. Msinidai. Wenyewe tumezoea. Ukituuliza tunatoka wapi tunasema "kwetu", na maisha yanakwenda.

Kiongozi wetu tulimwita Mtukufu. Mwaka huo Mtukufu alikwenda ng'ambo kupimwa afya. Daktari akamtazama mbele na nyuma, hasa nyuma, akamwambia anakaa mno, atembee dakika thelathini kila siku. Akamwandikia kwenye karatasi. Sasa kwetu Mtukufu hana mwili wake peke yake, mwili wake ni mali ya umma. Kwa hiyo ile karatasi ilipotua uwanja wa ndege ilipokelewa na bendi ya polisi, na Ijumaa yake ikachapwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa sheria, yote nzima, pamoja na pale chini palipoandikwa apunguze chumvi na arudi baada ya wiki sita. Nchi nzima tukapunguza chumvi. Kurudi baada ya wiki sita ndiko kulikotushinda, maana hatukujua turudi wapi.

Ili sheria ipate utaratibu, ikaundwa Tume ya Mapendeleo ya Kukaa na Kutembea Maofisini, mwenyekiti wake Dakta Kaluse, daktari wa nini hatukuwahi kuambiwa. Tume ilikaa siku kumi na moja kujadili hatari za kukaa. Siku ya nane wajumbe wawili walipelekwa hospitali kwa kiuno, na mwenyekiti akawapongeza kwa kutoa ushahidi wa awali. Mwisho ikazaliwa fomu, ukurasa mmoja, swali moja:

"Ewe mtumishi wa ofisini: uwapo kazini unapendelea (a) kukaa, (b) kusimama, au (c) kutembea? Toa maelezo kwa maneno yako mwenyewe."

Hayo maneno manne ya mwisho ndiyo yaliyotutia homa.

*

Lazima niwaeleze desturi ya wizara yetu, msije mkatuona wajinga. Ilikuwa Wizara ya Vipimo, watumishi mia sita na arobaini, wote wasomi. Mimi nilikuwa ghorofa ya nne, Idara ya Rula. Na katika wizara yetu hakuna mtu aliyewahi kujaza fomu yoyote kabla ya kupata "mfano". Mfano ni fomu iliyokwisha kujazwa na mtu mwingine, ambaye naye alipata kwa mwingine. Hata fomu ya kuuliza jina la mama yako, mtu wa kwetu atachungulia kwanza jirani kaandika nini. Si kwamba hatujui majibu. Tunataka majibu yanayofanana, kwa sababu yakifanana hakuna wa kuitwa.

Safari hii mfano haukuonekana. Kila idara ilingoja idara nyingine ianze. Siku tatu wizara nzima imekaa inaangalia fomu ya kukaa.

Kumbe mtu mmoja alikwisha kujaza.

Huyo alikuwa Mzee Mwinchande wa masjala, yaani chumba cha mafaili, kule chini kabisa chini ya ngazi, ambako lifti haifiki. Umri miaka hamsini na tisa, mrefu, shati jeupe kila siku. Miaka kumi na tisa alikaa meza moja na Bwana Sekiete, wakipeana mafaili na wakibishana kuhusu mpira. Sekiete akastaafu, akarudi kwao milimani ambako simu haishiki. Halafu zikaja kompyuta, na watu wakaacha kushuka. Nyumbani nako mkewe alikwisha kufariki, watoto wako mbali. Kwa hiyo Mzee Mwinchande alitoka kwenye chumba kimoja kisicho na mtu asubuhi akaenda kwenye kingine, na jioni akarudi, na kwenye daftari la mahudhurio hakuna mtu aliyekuwa na rekodi nzuri kama yake.

Fomu zilifika kwake kwanza ili azigonge muhuri. Akachukua moja akajaza. Hakuwa na wa kumuuliza, ndiyo maana akaandika ukweli:

"Napenda kukaa. Lakini na mtu. Nikiwa na mtu, hata kutembea naweza."

*

Siku ya nne Bi Pelagia, afisa utumishi wetu, mwanamke mwenye mwendo wa haraka na simu mbili, alishuka masjala kutafuta gundi. Kisa hiki alinieleza mwenyewe baadaye.

"Hodi! Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu! Karibu, karibu. Kaa."

"Sikai mzee, nakimbia. Unayo gundi?" Jicho lake likaangukia mezani. "He! Wewe umeshajaza fomu?"

"Tangu Jumatatu."

"Nani kakupa mfano?"

"Hakuna."

Bi Pelagia akacheka, akamnyooshea kidole. "Mzee wewe! Barua zote za serikali zinapita mkononi mwako. Lazima umeona kitu."

"Nimeona kitu gani?"

"Basi, basi, usiseme. Sijauliza." Akaipiga picha ile fomu kwa simu ya kwanza, akahakikisha kwa simu ya pili, na kabla hajafika juu ya ngazi alikuwa ameshairusha kwenye kundi la wizara. Akaandika: MFANO. MSIULIZE UMETOKA WAPI.

Gundi aliisahau.

Saa nane mchana fomu zote mia sita na arobaini zilikuwa zimejazwa. Napenda kukaa. Lakini na mtu. Nikiwa na mtu, hata kutembea naweza. Aliandika Katibu Mkuu, waliandika madereva. Aliandika hata Mkurugenzi wa Mizani, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kupenda mtu yeyote akae karibu naye.

Na kwa kuwa mfano kwetu hauchezewi, watumishi kumi na watano walioshika desturi vizuri kupita wenzao walinakili kila kitu kilichoonekana kwenye picha: umri, miaka hamsini na tisa, kituo, masjala, na jina, Mwinchande.

*

Dakta Kaluse alipofungua maboksi ya fomu zetu alilia. Alisema katika miaka yake yote ya utafiti hajaona wananchi wakikubaliana namna ile, mpaka kwenye nukta. Akaitisha waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, akiwa amesimama ili kutoa mfano bora, "watumishi wetu wamesema. Na wamesema kwa mdomo mmoja! Kwa asilimia mia moja hawataki kukaa ovyo ovyo. Wanataka kukaa na mtu. Nchi jirani wametupigia simu kutuuliza tumewezaje. Tumewajibu: ni utamaduni."

Wiki mbili baadaye ukatoka Waraka wa Mkao wa Pamoja. Kila mtumishi atapangiwa Mwenza wa Mkao. Atakaa naye, na kila baada ya saa moja watainuka watembee pamoja hadi mwisho wa korido na kurudi. Watazungumza. Mada zinazoruhusiwa: hali ya hewa, afya, na watoto, ila wasizidi wawili kwa mkao mmoja. Kila siku watajaza Fomu ya Mazungumzo. Sehemu A, mtumishi alisema nini. Sehemu B, mwenza alijibu nini. Wakaguzi watapita.

Waraka huo nao ulipita masjala kugongwa muhuri. Mzee Mwinchande aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Kesho yake alikuja na kitambaa akafuta kile kiti alichokaliaga Sekiete, mpaka miguu yake. Mtunza bustani alimsikia anaimba. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na aliwaambia walinzi wa getini, mmoja mmoja, kana kwamba anagawa pipi: "Miezi minane si haba. Naletewa mtu."

*

Orodha ilibandikwa Jumatano. Alipanda ngazi zote nne kwa miguu, akasubiri wenzake watoke ubaoni, akavaa miwani. Akatafuta jina lake. Akalipata.

Mwinchande, masjala. Mwenza: Mwinchande, masjala.

Chini yake tena: Mwinchande, masjala. Mwenza: Mwinchande, masjala. Mara nane.

Akaenda kwa Bi Pelagia, miwani mkononi.

"Mama, huyu Mwinchande mwingine ni nani?"

"Mzee, mko kumi na sita. Kompyuta imewapanga vizuri sana, hakuna aliyebaki."

"Masjala niko peke yangu, Pelagia. Unajua."

Bi Pelagia akafunga mlango. Alikuwa mtu mwema, hilo nalisema kila siku. "Mzee wangu, najua. Kuna watu wamenakili mpaka jina. Lakini nikiandika hivyo, nasema fomu zilinakiliwa. Matokeo yamekwisha kufika kwa Mtukufu, yamekwenda nchi jirani. Hiyo inaitwa kuhujumu takwimu. Unataka tuhujumu takwimu?"

"Hapana mama. Nataka mtu wa kukaa naye."

"Basi tuombe mmoja wao ajitokeze mwenyewe, kimyakimya. Akija tu akaniambia 'mimi ni Mwinchande', namshusha kwako bila maswali."

Akabandika tangazo dogo: WALIOJIANDIKA MWINCHANDE WAFIKE UTUMISHI. Tulilisoma wote. Kila aliyelisoma alitikisa kichwa, akasema, "Watu wengine jamani!" akaondoka. Mimi nililisoma mara mbili, nikatikisa kichwa mara mbili. Nilikuwa mmoja wa wale kumi na watano.

Msinitazame hivyo. Fomu zilikuwa zinakusanywa, meneja kasimama mlangoni anagonga saa yake kwa kucha, nikanakili nilichokiona. Nilipofika kwenye sahihi ndipo nikashtuka kwamba ninatia sahihi ya mtu mwingine, na kusema kweli ilitoka vizuri.

*

Stoo ya wizara haibishani na orodha. Watumishi kumi na sita maana yake viti kumi na sita. Vikashushwa masjala vyote, vikapangwa viwiliwili, na Mzee Mwinchande akakaa katikati yake kama mtu aliyewahi mkutano kabla ya wengine.

Akaja mkaguzi, na ubao wa kuandikia.

"Wenzako wako wapi?"

"Wametoka kidogo," alisema mzee. Angesema nini?

"Makoti yao siyaoni."

Ni kweli, kwetu mtu aliyetoka kidogo huacha koti kwenye kiti. Koti likiwepo, mtu yupo, hata kama yuko shambani kwake tangu juzi. Kuna mkurugenzi mmoja alifariki likizoni na koti lake likahudhuria vikao viwili. Kwa hiyo kesho yake Mzee Mwinchande alikuja na mfuko mkubwa. Akatundika koti lake la kazi, koti la harusi, sweta mbili, koti la mvua, kanzu, mashati aliyoweza kuyakosa. Vikabaki viti vitatu. Siku iliyofuata akaleta vitu vya marehemu mkewe: kitenge, mtandio wa bluu, na sweta ya kufuma yenye kifungo kimoja.

Mkaguzi akahesabu. "Sasa mmetimia," akasema, akatia tiki.

Huku juu sisi kumi na watano hatukuwa na hali nzuri zaidi. Majina yetu hayakuwepo popote kwenye orodha, basi hatukuwa na wenza. Wenzetu wakiinuka wawili wawili kwenda mwisho wa korido, mimi nilikuwa nashika simu sikioni na kusema, "Ndiyo, ndiyo, nakusikia," mpaka kwenye dirisha la mwisho na kurudi. Hakukuwa na mtu upande wa pili. Siku moja nilipishana na jamaa wa Idara ya Lita, naye simu sikioni, naye anasema, "Ndiyo, ndiyo." Tukapeana nafasi kwa heshima. Skrini ya simu yake ilikuwa nyeusi.

Mara moja nilitumwa masjala kufuata faili la Futi ya Taifa. Ilikuwa mwezi wa saba. Nilimkuta anaandika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Baba Tumsifu! Karibu, karibu ndani." Akainuka, akatoa lile koti la mvua kwenye kiti cha jirani, akalikunja juu ya mkono. "Kaa kidogo."

"Nasubiriwa juu mzee."

"Hata dakika?"

"Meneja wangu unamjua."

"Namjua," alisema. Akanitolea faili bila kutafuta, kwa mkono mmoja, mkono wa pili bado umelishika koti. Nilipofika kwenye ngazi niligeuka. Alikuwa analirudisha kwenye kiti, analinyoosha mabega.

Ningeweza kusema pale pale. Lilikuwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa jina lake.

*

Alistaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi. Sherehe ilifanyika ukumbi mkubwa, soda na sambusa, kila mtu amekaa na mwenza wake. Waraka ulikuwa umeeleza wazi kwamba neno la kumuaga mstaafu litatolewa na mwenza wake, kwa kuwa ndiye anayemfahamu. Mshereheshaji alikuwa kijana wa Dakta Kaluse, hajui lolote, anasoma karatasi.

"Na sasa, kwa makofi, tumkaribishe mwenza wa mstaafu wetu atuambie wameishije. Bwana Mwinchande!"

Makofi yalianza yakakatika. Nikaangalia viatu vyangu. Jamaa wa Lita aliangalia vyake. Ukumbi ule ulikuwa na akina Mwinchande kumi na watano, na hakuna aliyenyanyua uso. Bi Pelagia alikuwa anatutafuta kwa macho, safu kwa safu.

Halafu nikasikia kiti kinasogea. Mzee Mwinchande alikuwa amesimama mwenyewe. Akaenda mbele, akashika kipaza sauti, akakohoa kidogo pembeni.

"Huyu bwana nimekaa naye," alisema. "Hakunisumbua. Hana maneno mengi. Sina malalamiko." Akafikiri kidogo. "Nadhani naye hana."

Akarudi kukaa. Dakta Kaluse alipiga makofi sana, akamnong'oneza mtu wa jirani kwamba huo ndio mkao wa pamoja wenyewe.

Jumamosi alfajiri basi lake liliondoka kwenda kwao. Lile fuko la nguo lilikuwa pajani mwake, aliniambia mlinzi aliyemsindikiza. Mimi sikumsindikiza.

Jumatatu saa mbili kasoro nilikuwa mlangoni kwa Bi Pelagia. Sikulala vizuri siku zile, na nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

"Dada Pelagia. Mimi ni Mwinchande."

Nilingoja aseme umechelewa. Lakini wizarani kwetu hakuna safu ya kuandika kuchelewa kwa namna ile. Akafungua droo.

"Afadhali," alisema. "Kwa rekodi masjala bado ina watu kumi na watano, sikuwa na sababu ya kuomba mtu mpya, na mafaili yanahitajika. Sasa wewe Mwinchande mzima unafanya nini ghorofa ya nne?" Akanipa ufunguo.

*

Ndiyo niko huku sasa. Ni pakavu, pametulia, na mwanga unatosha ukisogeza meza. Wakaguzi hupita. Mchana natembea kwenye korido ya chini, hatua arobaini na mbili kwenda, arobaini na mbili kurudi, na simu nimeiacha mezani.

Wiki ya pili nilifungua kabati la mwisho nikakuta Fomu za Mazungumzo za mzee. Alijaza kila siku ya kazi, bila kuruka hata moja, na wakaguzi waligonga mihuri kila siku bila kusoma. Sehemu A, mtumishi alisema nini: mwandiko wake wa wima, umejaa mpaka pembeni. "Nimemwambia mwenzangu kwamba mvua ya jana imeingia chini ya mlango." "Nimemweleza kuhusu Sekiete." "Nimemuuliza kama amekula." Sehemu B, mwenza alijibu nini: tupu. Tupu, tupu, miezi minane.

Nilizisoma kwa siku nne. Siku ya tano nilichukua kalamu, nikavuta ya kwanza kabisa, ya siku ile viti viliposhushwa. Aliandika:

"Nimemwambia mwenzangu kwamba goti la kushoto linaniuma nikipanda ngazi, nikamuuliza yeye linamuuma lipi."

Nikajaza Sehemu B: "La kulia."